Barua kwa vijana wa mashine ya alizeti, Singida

Wanangu,

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale halmashauri mlipokutana na yule mgeni anayekopesha wasindikaji wadogo. Alikuwa anaondoka, dereva keshawasha gari. Mlikuwa na dakika moja. Mwenyekiti wenu akaanza na mwaka wa kusajili kikundi, akamtaja katibu, akamtaja mweka hazina. Alipofika kwenye malengo ya muda mrefu, mlango wa gari ukafungwa. Iliniuma sana, maana mafuta yenu napikia kila siku na ubora wake naujua.

Nawasihi, anzeni na mwenye shida. Mkulima amevuna alizeti, mashine iko mbali, nauli ya magunia inammaliza, basi anamuuzia dalali mbegu pale pale shambani kwa bei anayoitaka dalali. Ninyi mnamkamulia jirani na kwake, anarudi na mafuta ya kuuza na mashudu ya kulishia mifugo. Hapo biashara nzima imeshaeleweka, na hakuna cheo kilichotajwa.

Angalieni M-Pesa. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, nia ilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo, lakini watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, haikuwaeleza wateja habari za mitambo. Iliwaambia watume pesa nyumbani. Kijana aliyekuwa Nairobi na mama yake yuko kijijini hakuhitaji maelezo zaidi.

Mkishamtaja mkulima, tajeni mnachokitaka. Hapo ndipo mnapoona haya, mnasema "msaada wowote tutashukuru", na mtu hajui aingize mkono mfuko upi. Semeni mnataka mashine ya kuchuja, bei yake ni hii, tutarejesha kwa miezi kadhaa. Ongezeni hesabu moja tu: magunia mliyokamua msimu uliopita. Itoke kwenye daftari. Anayekopesha watu kila siku huitambua hesabu ya kubahatisha kabla hamjaimaliza.

Jumamosi baada ya alasiri njooni kwangu, wote, si mwenyekiti peke yake. Kila mmoja atasema kwa dakika moja mbele ya mjukuu wangu wa darasa la nne. Kisha yeye ndiye atakayenieleza mnafanya kazi gani na mnataka nini.

Babu yenu