Wapangaji wanaochangia LUKU wanabebeshwa bei isiyo yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo moja la gharama za umeme na gesi majumbani, ambalo naona linapitwa kila tunapopewa ushauri wa kubana matumizi. Tunaambiwa tuzime taa tusizozihitaji, nasi tunazizima. Lakini balbu ya wati 9 inayowaka saa tano kila usiku haili hata uniti moja na nusu kwa mwezi mzima. Kwa sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga zenye mita moja ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, fedha nyingi zaidi zinapotelea kwenye bei ya uniti yenyewe.

Katika bei za umeme ninazozifahamu, mteja wa nyumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti, ilhali mtumiaji wa kawaida anayezidi hapo huwa kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa asilimia 22, yaani 18 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na 1 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji). Nafuu ya D1 iliwekwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na ni nafuu kubwa kweli. Tatizo ni kwamba mita inajua uniti tu, haijui nyuma yake zinaishi familia ngapi.

Tunapoishi sisi, Temeke, tuko familia sita kwenye mita moja. Chumba changu kina taa mbili, feni na televisheni ndogo, na hesabu yangu ya mwezi ni kama uniti 25. Ningekuwa na mita yangu katika kundi la D1, ningelipa shilingi 3,050 pamoja na kodi na tozo. Kwa kuwa uniti zetu sote zikijumlishwa zinapita 75 kwa mbali, uniti hizo hizo 25 nazilipia zaidi ya shilingi 8,900. Kwa mwaka tofauti hiyo inapita shilingi 70,000, na katika nyumba yetu wapo wanaolipa kodi ya chumba kwa kukopa. Mwenye nyumba mmoja jirani aliwafungia wapangaji wake mita ndogo za ndani, na ugomvi wa nani kamaliza umeme ukaisha. Bei, hata hivyo, ilibaki ile ile ya T1, kwa sababu mita kuu bado ni moja.

Hasara hiyo haiishii kwenye umeme, inaingia hadi jikoni. Kwa kuogopa tokeni kuisha kabla ya siku zake, nyumba nyingi za aina hii zimepiga marufuku hita, pasi na jiko la umeme, hivyo mpangaji hana budi kupikia gesi au mkaa hata chakula kinachokaa motoni muda mrefu. Mwaka huu nilimtembelea dada yangu mwenye mita yake mwenyewe, tukaisoma kabla na baada ya kupika nusu kilo ya maharage katika jiko la umeme la shinikizo. Zilikatika chini ya nusu uniti, ambazo kwa bei yake ya D1 hazifiki shilingi 65. Mimi maharage hayo hayo huyaloweka usiku kucha, na bado hukaa juu ya gesi zaidi ya saa nzima, wakati mtungi wangu wa kilo 6 haumalizi mwezi.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Ndiyo maana naiomba EWURA na shirika la umeme, TANESCO, watazame nyumba za wapangaji kwa namna ya pekee: ama kiwango cha uniti 75 kihesabiwe kwa kila familia iliyothibitishwa na serikali ya mtaa, ama kila familia irahisishiwe kupata mita yake. Ada ya kuunganishiwa umeme mjini iliyotangazwa Januari 2022, shilingi 320,960 pale pasipohitajika nguzo, mpangaji wa chumba kimoja haitoi kwa mkupuo. Lakini LUKU tayari hukata kodi ya majengo shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa utaratibu huo huo ada ya mita ingeweza kukatwa kidogo kidogo hadi iishe. Itangazwe pia waziwazi kwamba mita ya pili katika nyumba moja haileti kodi ya pili ya jengo, maana hofu hiyo nimeisikia kwa zaidi ya mwenye nyumba mmoja nilipowaomba waturuhusu tufunge mita zetu.

Mpangaji,
Temeke, Dar es Salaam