Kabureta isihukumiwe kabla umeme haujapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu wenye magari ya zamani hapa Dodoma, hasa pikapu na Land Cruiser za petroli zenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambazo bado zinabeba mahindi ya Kongwa, zabibu za Hombolo na mchanga wa ujenzi katika kila pembe ya jiji hili. Gari la namna hiyo likianza kukatakata linapokanyagiwa mafuta, au kama wasemavyo mafundi, likianza kumisi, jibu la gereji nyingi huwa ni moja tu: kabureta imechafuka, ifunguliwe. Hoja yangu ni kwamba kabureta isiguswe mpaka umeme wa injini uwe umepimwa kwa mita ya volti kutoka betri hadi koili, inayokuza volti za betri ili kutoa cheche, na kutoka koili hadi ndani ya distributa, inayogawa cheche hizo kwenye plagi, kwa sababu katika magari ya umri huu soketi za nyaya mara nyingi zimechoka kuliko jeti za kabureta, yaani vile vitundu vinavyopitisha petroli.

Naelewa kwa nini kabureta hushukiwa kwanza. Tatizo hujitokeza pale mguu unapokanyaga mafuta, na mafuta yanapita kwenye kabureta, basi lawama inafuata njia hiyo hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba mafuta yanapokanyagwa silinda hupokea hewa na petroli nyingi zaidi, shinikizo ndani yake hupanda, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke kwenye mwanya wa plagi. Cheche dhaifu iliyokuwa ikitosha gari likiwa limesimama kwenye sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagiwa mafuta, haitoshi tena gari likipandisha mlima na mzigo, na dereva aliyeketi kwenye usukani hawezi kutofautisha injini iliyokosa petroli na injini iliyokosa moto.

Hesabu yake si ngumu. Koili ya kawaida ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 3 huvuta takriban ampea 4. Soketi moja iliyolegea au kushika kutu ikiongeza nusu omu tu kwenye njia hiyo, mkondo hushuka hadi ampea 3.4 hivi, na kwa kuwa nishati inayohifadhiwa na koili hufuata mraba wa mkondo, cheche inakuwa imepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake. Hapo hakuna waya uliokatika wala fyuzi iliyoungua, na taa ya majaribio ambayo mafundi wengi huitegemea itawaka vizuri kabisa, kwa kuwa taa ile ndogo huvuta umeme kidogo mno kiasi cha kutoonyesha upungufu wowote.

Ndiyo maana nasisitiza mita, ambayo siku hizi huuzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme na bei yake haimshindi fundi anayefanya kazi kila siku. Ncha nyekundu huwekwa kwenye chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye mguu wa koili unaopokea umeme wa swichi, kisha swichi huwashwa pointi za distributa, vile vichwa viwili vinavyounga na kukata umeme wa koili, zikiwa zimegusana. Usomaji ukizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani, na fundi atasogeza ncha nyeusi soketi kwa soketi kurudi nyuma hadi aikute ile inayoula. Gari lenye rezista, yaani kipunguza umeme, kabla ya koili lipimwe mpaka upande wa rezista unaoelekea swichi, la sivyo fundi atalaumu soketi kwa upungufu uliowekwa makusudi na kiwanda. Swichi isiachwe imewashwa muda mrefu, kwani koili hupata joto. Upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nao upimwe vivyo hivyo, kutoka hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini wakati stata inazungusha, maana ule mkanda unaounganisha injini na bodi husahaulika hadi unabaki nyuzi chache.

Mazingira yetu hayazisaidii soketi hizi. Vumbi la kiangazi huingia kila mahali, joto la chini ya boneti hukausha plastiki hadi inapasuka, na rasta za barabara za vumbi huzitikisa nyaya saa zote, hata vile vichwa vya shaba vinasuguana vyenyewe kwa vyenyewe na kupoteza ule mng'aro uliokuwa ukipitisha umeme. Kisha mvua za Desemba zinafika, au mwenye gari anapeleka injini ikaoshwe kwa maji ya presha, na unyevu unalikuta vumbi likiwa tayari limo ndani. Ukiitenganisha soketi iliyofikia hapo utaona plastiki imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka kichwa kimoja tu kati ya vyote, na kichwa hicho kimepauka huku vingine vikiwa bado na rangi yake. Hiyo ni alama ya joto, na joto hilo limetokana na ukinzani.

Yupo mkosaji mwingine ambaye nimewahi kumwona akiifanya gereji moja ya hapa mjini ibadilishe kabureta nzima bila faida. Ndani ya distributa ya pointi kuna waya mfupi na laini unaoiunganisha terminali ya pembeni na pointi zenyewe. Mafuta yanapokanyagwa, mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini na kufika kwenye kikombe kilicho pembeni mwa distributa hubadilika, sahani inayobeba pointi inazunguka kidogo, na waya huo hukunjwa na kunyooshwa kila mara. Baada ya miaka mingi nyuzi zake hukatika ndani ya ganda huku ganda likionekana zima. Sahani ikiwa imetulia, ncha zilizokatika hugusana na gari hunguruma vizuri. Sahani ikisogea, zinaachana na injini inakata. Fundi akiusogeza waya huo taratibu kwa kijiti kikavu injini ikiwa kwenye sailensi, akae mbali na nyaya za plagi ambazo zina maelfu ya volti, atapata jibu kabla hajagusa bisibisi.

Hata kabureta yenyewe ina waya. Kabureta nyingi za Kijapani zina valvu ndogo ya umeme inayofungua njia ya petroli ya sailensi swichi inapowashwa. Soketi yake ikilegea, gari linakataa kushika sailensi lakini linakwenda likikanyagiwa. Dawa ya haraka inayotolewa ni kukaza skrubu ya sailensi hadi injini inanguruma juu kupita kiasi, na mwenye gari anaondoka akilipia petroli ya ziada. Kuipima ni kuchomoa waya na kuurudisha swichi ikiwa imewashwa: valvu nzima husikika ikigonga mara moja.

Sisemi kabureta haina makosa. Pampu yake ya kuongezea mafuta ikifa, injini huzama papo hapo unapokanyaga, na hilo huonekana injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwa kuchungulia juu ya kabureta na kuvuta mkono wa mafuta: petroli isipochuruzika, pampu ina tatizo. Gasketi ya chini ikipasuka, hewa ya ziada huingia. Wapo pia wanaosema gari la Dar es Salaam haliwezi kwenda sawa hapa kwa sababu Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Ni kweli kwamba mchanganyiko utakuwa mzito kidogo, yaani petroli itazidi hewa, lakini uzito huo upo wakati wote. Hauji na kuondoka gari linapopita kwenye shimo.

Linaloniudhi zaidi ni namna ya kutengeneza. Soketi iliyochoka hukatwa, nyaya zikasokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, ambayo gundi yake huyeyuka kwa joto ndani ya kiangazi kimoja. Fundi anayefuata hawezi tena kutenganisha nyaya ili apime, kwa hiyo naye anakata, na mtandao wa nyaya unazidi kuwa mfupi. Kazi halali ni kuchomoa hasi ya betri, kukisukuma kile kijidole kinachokishika kichwa ndani ya soketi, kukitoa, kukisafisha kwa dawa ya vifaa vya umeme na brashi ndogo, kukibana kidogo kama kimetanuka, au kufunga kipya kwa koleo lake. Msasa uepukwe, kwa kuwa unakwangua madini yaliyopakwa juu ya shaba na kuharakisha kutu.

Wenye magari tuanze kudai usomaji wa mita uandikwe kwenye risiti, kabla na baada ya kazi, kabla ya kulipia kabureta. Nawaomba pia wanaosimamia mafunzo ya VETA, wanapowapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, waweke upimaji wa upotevu wa volti miongoni mwa kazi za vitendo, kwa sababu magari ya kisasa ya sindano za mafuta yana soketi nyingi zaidi kuliko haya ya zamani.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma