Musa, ongea na Elia

Nkuhungu, Dodoma

Musa ndugu yangu,

Mbukwa! Salamu zipokee zote kwa mkupuo: mama hajambo, ni magoti tu, watoto wanakua, Chilewa bado anasema atakulipa. Upepo umeanza, tunakula ugali wenye vumbi. Najua nimekaa kimya mno. Ningekupigia, lakini nyumba yenyewe unaijua, ukikohoa chumbani sebuleni wanakupa pole, na hili sitaki Elia alisikie.

Uvimbe wa Elia umerudi. Shingoni, upande uleule, na kipimo cha picha kimeonyesha mwingine tumboni. Safari hii hawakubahatisha, wamekata kinyama upya wakakipima. Unakumbuka mwanzo alivyomezeshwa dawa za kifua kikuu miezi na miezi kwa sababu tu mitoki ilivimba, na hospitali niliyoilaani wakati ule sitaitaja tena. Majibu ni limfoma ileile, saratani ya mitoki, ile kali inayokua haraka.

Sasa shida yangu na wewe si ugonjwa. Ni kwamba Elia amegoma.

Anasema dripu alishapigwa, nywele zilishatoka, alishatapika, na kitu kimerudi. "Kaka, kifaa kimefungwa kikashindwa, halafu fundi anakuja na kifaa kilekile? Huyo tapeli." Kauli hiyo aliitoa wapi? Kwako gereji! Mimi nikimjibu ananiambia wewe mwalimu wa historia, endelea na Kinjekitile wako. Kwako hana ujanja, ndiyo maana naandika.

Kifaa si kilekile. Hilo ndilo nataka alisikie kwa mdomo wako. Mara ya kwanza alipewa ule mchanganyiko wanaouita R-CHOP, ndani yake kuna ile dawa nyekundu, doksorubisini, inayofanya mkojo uwe mwekundu ukamtia mama kiwewe. Ile ina kikomo cha maisha, ikizidi inaharibu moyo. Tena chembe zilizorudi ndizo zilizonusurika na dawa hiyo, kwa hiyo hawairudii. Wanachotaka kumpa sasa kinaitwa GDP: jemsitabini, deksamethasoni na sisiplatini, na rituksimabu juu yake ikipatikana. Zinashambulia kwa njia nyingine. Kuna mchanganyiko mwingine, ICE, lakini huo kwa kawaida unataka alazwe siku kadhaa, na ndani yake kuna dawa inayochubua kibofu mpaka iwekewe nyingine ya kukilinda. Huu wa GDP anaweza kuja asubuhi akarudi jioni: siku ya kwanza dripu ndefu, siku ya 8 jemsitabini peke yake, kisha anapumzika hadi siku ya 21 iishe.

Daktari, binti mdogo tu lakini hababaiki, alituambia utafiti ulioongozwa na Wakanada, wagonjwa zaidi ya 600, matokeo yakatoka 2014. Walilinganisha GDP na mchanganyiko wa zamani, DHAP. Uvimbe ulipungua au kuisha kwa kama watu 45 kati ya 100, pande zote mbili karibu sawa, ila wa GDP waliteseka kidogo. Elia akadakia, "Chini ya nusu, daktari." Yule binti akasema ndiyo, chini ya nusu. Basi! Hakuongeza sukari. Mimi nilimpenda hapohapo, maana kuna mzee wa mizizi ambaye shangazi ametuletea, yeye anaahidi mia kwa mia, mbuzi na laki tatu.

Na si dripu za milele. Mizunguko miwili au mitatu, wanapiga picha tena. Uvimbe ukinywea, hatua inayotakiwa ni kuvuna chembe zake mwenyewe za uloto, kumpa dozi kubwa sana ya dawa, kisha kumrudishia chembe hizo. Hapo ndipo penye matumaini ya kupona kabisa. Hapa hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto tangu 2023, lakini ni kwa watoto wenye selimundu, na kwa Elia hakuna aliyeahidi kitu. Kwanza uvimbe unywee. Mpwa wetu anatutumia habari za Marekani, huko tangu 2017 wanachukua chembe za kinga za mgonjwa, wanazifunza kupiga saratani, wanazirudisha mwilini. Nimemwambia atutumie na nauli.

Kuna jambo moja Elia hakulisema mbele ya daktari, alilisema usiku. Sisiplatini inaweza kuumiza masikio. Na figo pia, ndiyo maana wanapima kwanza na kumwaga maji mengi kwenye mshipa. Lakini figo hakuzijali. Masikio! Fundi anayejua ugonjwa wa pikipiki ikiwa bado iko barabarani. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nadhani hapo ndipo mgomo wote ulipo, haya ya kifaa kilekile ni maneno tu. Wanasema akianza kusikia mlio au sauti zikififia aseme mapema, dawa inaweza kubadilishwa. Wewe unajua namna ya kuzungumza na fundi juu ya masikio yake. Mimi sijui.

Halafu, hili naliandika kwa aibu. Rufaa ni ya Ocean Road, hospitali ya saratani huko Dar. Treni ya umeme imeturahisishia, ila kumrudisha Dodoma halafu Dar tena kwa sindano ya siku ya 8, akiwa hoi, naona ni kumtesa. Kile chumba chenu cha uani huko Dar bado kina mpangaji? Mama Sele atakubali? Muulize kwanza yeye, usijibu peke yako kama kawaida yako. Na mjue kabisa: joto likifika 38, hata saa nane usiku, ni hospitali, si Panadol na kulala, maana kinga yake itakuwa chini. Mtaweza? Utampigia lini, Jumapili baada ya ibada? Utaanzia wapi, kwenye masikio au kwenye mpira? Na ile Boxer ya njano uliyomwachia, bado unaitaka au nimwambie ni yake?

Nijibu kwa simu ya mke wangu, yangu anaishika.

Nduguyo,
Daudi