Shemeji, mistari miwili si lazima iwe malaria mpya

Shemeji,

Mtoto kamaliza dozi ya dawa mseto, wiki ya pili kapimwa tena kwa kipimo cha haraka cha malaria, mistari bado miwili, yaani chanya, nawe umeshahukumu kwamba sayansi ni ubabaishaji. Ngoja kwanza.

Kile kipimo cha haraka hakimwoni mdudu wa malaria mwenyewe. Kinanasa protini anayoimwaga kwenye damu, HRP2, na hiyo huweza kubaki wiki kadhaa baada ya wadudu wote kufa. Anayetaka kujua kama dawa imefanya kazi aombe hadubini: tone nene la damu likaushwe, lipakwe rangi ya Giemsa, na mpimaji apitie angalau maeneo 100 ya kioo kabla ya kuandika hasi. Akitazama 20 akaenda kunywa chai, hapo shaka yako ni ya haki.

Mstari mmoja nao, yaani hasi, usiuamini kupita kiasi. Wadudu wakiwa chini ya 200 hivi kwa kila mikrolita ya damu, mstari wa T, ule wa kuonyesha malaria, huenda usitokee. Tena wapo wadudu waliopoteza jeni la HRP2 kabisa. Huko Eritrea walienea hadi nchi ikalazimika kubadili aina ya vipimo. Kilichowafichua ni hadubini, iliyokuwa inaonyesha wadudu kwa wagonjwa walioandikiwa hasi.

Mengine ni makosa ya mkono. Vipimo vingi vinataka damu mikrolita 5 tu. Ikizidi, dirisha la kipimo hubaki jekundu na mstari hafifu humezwa. Bafa, yaani kile kimiminika kinachokuja na kipimo, ikiisha, mtu akatia maji, T inaweza kuwaka kwa mtu asiye na malaria. Majibu husomwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya kipimo, 15 au 20, si jioni ukikumbuka. Mstari wa C, ule wa kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, tupa, hata T ikikolea namna gani.

Na ile klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, unayoipigia kelele kwamba jana ilitibu na leo imeachwa? Ilitibu kweli, mpaka wadudu wakawa sugu. Tanzania ikaiacha 2001. Malawi waliiacha 1993, na miaka michache baadaye wadudu wanaokufa kwa klorokwini wakarudi kutawala. Aliyebadilika ni mdudu, si sayansi, shemeji.

Basi mtoto akiwa hana homa, usimrudishie dozi kwa sababu ya mistari. Homa ikirudi, mpeleke kituo chenye hadubini siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu tarehe aliyomeza kidonge cha mwisho.