Daftari la Mjomba

Mpendwa Jabiri,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku Dar es Salaam hatujambo, ila joto limetuzidi. Miezi mitano imepita bila barua, kwako na kwangu, kwa hiyo tusilaumiane.

Jana usiku nimekimaliza kile kitabu ulichonipa, Cinema Speculation cha Quentin Tarantino, na sikuweza kulala. Nilitarajia mwongozaji mkubwa wa filamu ajieleze, kumbe anakumbuka nani alimpeleka sinema na watazamaji walipiga kelele wapi. Mwaka 1970, akiwa mtoto wa miaka saba, mama yake na baba yake wa kambo walikuwa wakimpeleka kwenye filamu ambazo wenzake wa shule hawakuruhusiwa kuziona, kwa kuwa mama aliziogopa zaidi taarifa za habari kuliko sinema. Ile sura anayojiuliza filamu ya Taxi Driver ingekuwaje kama ingeongozwa na Brian De Palma badala ya Martin Scorsese nimeisoma mara mbili.

Lakini kilichoniliza ni Floyd. Mpangaji nyumbani kwao, mtu mweusi mpenda sinema, aliyeandika mswada kuhusu kauboi mweusi, na mswada huo haukutengenezwa filamu kamwe. Miaka mingi baadaye Tarantino akatengeneza Django Unchained, filamu ya kikauboi yenye shujaa mweusi, na kupata Oscar ya mswada bora, na kitabu chote anakifunga kwa mtu huyo asiyejulikana na yeyote.

Hapo nikamwona Mjomba wako, Jabiri, amesimama kando ya televisheni katika kibanda cha video kule Ngamiani, Tanga, akitufasiria filamu za kungfu na za Kihindi, na lile daftari lenye jalada lililolowa mafuta ya taa. Unakumbuka kwamba kila filamu aliiandika jina, kisha kwa kalamu nyekundu akaandika watu walipopigia makofi, na chini yake jinsi ambavyo yeye angeimaliza? Katika filamu yako ya mwaka jana, pale mama anapofunga mlango na kamera inabaki nje na sisi, nilishtuka, maana Mjomba alikuwa akisema daima kwamba kilio kikubwa kisionyeshwe, kisikike tu.

Nimesikia kwa dada yako kwamba nyumba ya Tanga inauzwa. Nakuomba sana, kabla ya funguo kukabidhiwa, nenda mwenyewe ukalitafute daftari lile. Usimtume mtu, kwa maana atakayeliona atadhani ni la mahesabu ya duka. Nauli nitachangia.

Je, bado limo katika sanduku la chini ya kitanda, au Bi Mkubwa alilihamisha? Kuna yeyote aliyewahi kulisoma lote? Na wewe, ulipoandika ile sehemu ya mlango, ulikuwa ukimkumbuka? Utakwenda lini?

Nduguyo,
Hamisi