Deki ya kurekodi DVD ipimwe kwa diski inayotoa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu deki za bei nafuu za kurekodi DVD nyumbani. Wengi wanaozipima deki hizi hutazama umbo, wingi wa matundu ya nyuma, na jinsi picha inavyong'aa siku ya kwanza. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Tamasha zetu za miaka mingi ziko kwenye kanda za VHS, na baadhi ya sauti zilizomo ni za watu ambao hatunao tena. Kwa hiyo deki yoyote ikiletwa mbele yangu nina swali moja tu: diski itakayotoka humo itacheza kwenye deki ya mtu mwingine, na wimbo utasikika kama ulivyoimbwa?

Jambo hili halisubiri. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kanda zinazidi kuchakaa, na mashine za kuzichezesha zinazidi kupungua. Ndiyo maana nazipenda zile deki zenye VHS upande mmoja na DVD upande wa pili: unaingiza kanda huku, diski kule, unabonyeza kitufe cha kunakili. Ila upande wa VHS uwe wa Hi-Fi, yaani wenye uwezo wa kusoma sauti ya ubora wa juu iliyo kwenye kanda. Kanda iliyorekodiwa kwa Hi-Fi, ukiichezesha kwenye deki isiyo na uwezo huo, utapata tu ule mstari mwembamba wa sauti ulio pembeni mwa utepe. Besi inakonda, na kinanda kinasikika kama kiko chumba cha jirani. Hapo hata rekoda iwe bora kiasi gani, haiwezi kurudisha kisichosomwa.

Tangazo linalouza zaidi deki hizi ni la saa nyingi: "saa 6 kwenye diski moja", nyingine hudai 8. Diski ya kawaida ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, basi. Deki hukupa viwango vya ubora wa kurekodi: ukichagua XP utapata saa 1, SP saa 2, LP saa 4, EP saa 6. Kila unapoongeza saa, unapunguza picha. Katika mfumo wa televisheni wa PAL, unaotumika kwetu, SP huhifadhi picha ya nukta 720 kwa 576. Deki nyingi zikifika LP hukata upana huo hadi 352, na zikifika EP hukata na urefu pia. Kwenye mahojiano ya watu wawili waliokaa, huenda usione tofauti kubwa. Lakini rekodi kwaya inayoyumba kwa mdundo, halafu tazama mikono ya mwalimu anapoharakisha: inavunjika vipande vya miraba, na nyuso za mstari wa nyuma zinayeyuka zikawa doa moja. Mama anayemtafuta mwanawe katika mstari huo hatamwona.

Kuna wanaosema VHS yenyewe ina picha hafifu, kwa hiyo EP inaitosha. Ni kweli kwamba VHS hufikia mistari kama 240 tu ya upana. Lakini kanda kuukuu ina chenga, na zile chembe zinachezacheza kwenye kila picha. Deki inayobana picha haijui kuwa chenga ni uchafu. Inaziona kama mwendo, inazipa nafasi iliyopaswa kwenda kwenye nyuso. Kanda mbovu inahitaji nafasi kubwa kuliko matangazo safi ya televisheni, si ndogo. Mimi sishuki chini ya SP kwa kanda yoyote, na wimbo nilio na hofu nao naupa XP. Baadhi ya deki katika XP huhifadhi sauti bila kuibana, na kwa kwaya hiyo ni neema. Sikiliza mwisho wa wimbo, pale sauti zote nne zinaposhikilia noti moja na kuiacha ififie ukumbini. Ule mfifio ndio unaoonyesha deki ni ya namna gani.

Sasa nije kwenye kufunga diski, jambo ambalo wapimaji wengi hulitaja kwa sentensi moja. DVD-R, yaani diski ya kurekodia isiyofutika, ikitoka tu kwenye deki iliyoirekodi, bila kufungwa, deki nyingine nyingi zitaikataa, zitaandika kuwa hakuna diski. Lazima uingie kwenye menyu, uchague "Finalize", usubiri dakika kadhaa mashine iandike orodha ya yaliyomo na kufunga mlango. Baada ya hapo DVD-R haiongezwi kitu tena. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, diski inaweza kuharibika moja kwa moja. Kwa hiyo jaribio la maana ni hili: rekodi, funga, kisha peleka diski kwenye deki kongwe kuliko zote unayoweza kuipata, halafu kwenye kompyuta. Rekoda inayotoa diski inayosomeka na yenyewe tu haifai, hata picha yake iwe kioo.

Aina ya diski nayo ina neno. DVD-R na DVD+R zilitoka katika kambi mbili zilizoshindana, na deki za zamani za kuchezea mara nyingi huzisoma hizi za kwanza kwa urahisi zaidi. DVD-RW ni nzuri kwa majaribio kwa sababu inafutika ikarekodiwa upya. DVD-RAM inavumilia kufutwa mara nyingi mno, lakini deki nyingi za kawaida haziigusi. Tena ukiona deki inakuuliza uandike diski kwa mpangilio wa "Video" au "VR", chagua Video ikiwa diski itatoka nyumbani. VR inakupa uhuru wa kukata na kupanga, lakini deki nyingi za watu haziielewi.

Nina lalamiko moja ambalo sijaliona likiandikwa. Deki hizi zimewekewa kinga ya kuzuia kunakili kanda za filamu za kununua, na sipingi. Tatizo ni kwamba kanda ikichakaa, mawimbi yake hutetereka kiasi kwamba deki inadhani imeona kinga hiyo. Nilikuwa na deki ambayo ilisimama katikati ya kanda yetu wenyewe, tuliyoirekodi kwa kamera yetu wenyewe, ikaandika kuwa hairuhusiwi kunakiliwa. Deki yenye saketi ya kunyoosha mawimbi kabla ya kurekodi mara nyingi haisumbuki hivyo. Mpimaji anayejaribu kwa kanda mpya tu hawezi kuligundua hili.

Kurekodi vipindi vya televisheni sitakawia nako. Deki nyingi za zamani zina kipokezi cha analojia, na mahali palipohamia dijitali kipokezi hicho hakina kazi. Utaunganisha king'amuzi kwa waya tatu za rangi, na kuseti muda kwenye vyote viwili, kwa sababu deki nyingi haziwezi kubadili chaneli ya king'amuzi.

Ukipata deki yenye diski kuu (hard disk) ndani, ichukue hiyo. Unahamishia kanda humo kwanza, unakata vikohozi na viti vinavyoburutwa kati ya nyimbo, kisha unachoma diski iliyo safi. Vijana wananiambia ninunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nimeviona vikifanya kazi, lakini kanda ikitetereka, baadhi yake hupoteza picha hapa na pale, na mwisho wa tamasha midomo iko mbele ya sauti. Rekoda nzuri huenda nayo sawa hadi mwisho. Ukishapata diski, nakili yaliyomo kwenye kompyuta pia, kwa sababu rangi inayobeba data kwenye DVD-R huharibiwa na jua na joto. Usibandike karatasi juu yake, andika kwa kalamu laini ya wino.

Ninachoomba kwa wanaopima vifaa hivi ni wajaribu kwa kanda ya zamani yenye watu wengi na muziki, watutajie wamerekodi kwa kiwango gani na diski ya aina gani, na watuambie ilichezaje kwenye deki nyingine. Na kwa anayenunua iliyotumika: ulizia rimoti kabla ya yote. Deki nyingi haziingii kwenye menyu ya kufunga diski kwa vitufe vya mbele. Muuzaji akikwambia rimoti yoyote itafaa, mwombe aitumie hiyo hiyo kufunga diski mbele yako, kabla hujalipa.

Wako,
Mwalimu wa kwaya