Kwa Mwanangu Neema, Kuhusu Lile Swali la Ushushushu

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikacheka, kisha nikaona simu haitatosha. Umeuliza kama kweli nilikuwa shushushu, maana shangazi yako kakuambia mtaani kwetu watu walikuwa wakinyamaza nikipita. Kunyamaza walinyamaza. Lakini mimi nilikuwa mpiga chapa tu, nikahamishiwa masjala ya siri. Sasa mtaani, ukionekana usiku unashushwa na gari la serikali, na kila ukiulizwa habari za ofisini unajibu kwamba mvua mwaka huu zimechelewa, watu wanajumlisha wenyewe.

Hizo riwaya unazosoma na mimi nilizipenda. Za Willy Gamba wa Elvis Musiba zilizunguka ofisi nzima hadi zikaisha majalada. Ila katika riwaya za kijasusi, za kwetu na za Wazungu, mara nyingi mwanamke akiingia tu ujue kwanza ni mrembo, pili ama atampenda shujaa ama atamuuza, na wakati mwingine yote mawili.

Karatasi ya kaboni haimo kabisa. Ngoja nikueleze. Ukichapa barua kwa nakala tatu unapachika kaboni, karatasi nyembamba yenye wino, kati ya karatasi. Kaboni ikiwa mpya, kila herufi inaacha alama yake. Ukiinyoosha dirishani kwenye mwanga unaisoma barua yote. Kwa hiyo barua ya siri ilikuwa na kaboni zake, zinatumika mara moja basi. Jioni nazihesabu mbele ya mkuu wa masjala, anatia sahihi, tunakwenda nazo nyuma ya jengo kwenye pipa, tunazichoma pamoja na rasimu na utepe wa mashine, naye anayavuruga majivu kwa kijiti. Mimi vidole vya bluu hadi kanisani Jumapili.

Siku moja ikapungua moja. Tulipekua makapu, droo, mikoba yetu, hadi mikunjo ya khanga niliyojifunga begani. Saa nne usiku ikaonekana: imenasa chini ya roli ya mashine yangu mwenyewe. Ndiyo siku niliyorudishwa na gari la serikali.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Stella Rimington, nilivaa miwani vizuri. Mwaka 1967 alikuwa Delhi, mke wa ofisa wa ubalozi wa Uingereza, akaombwa asaidie kazi za ukarani na kuchapa. Aliyemwomba alikuwa mtu wa MI5, idara yao ya usalama wa ndani. Aliporudi London mwaka 1969 akaajiriwa rasmi, akakuta wanaume wanaingia kama maofisa na wanawake, hata wenye shahada zao, wanaingia kama wasaidizi wa majalada. Mwaka 1992 huyo huyo akawa mkurugenzi mkuu, mwanamke wa kwanza. Akastaafu 1996, akaandika kumbukumbu zake, na hata yeye aliyewahi kuwa bosi ilibidi auwasilishe mswada ukaguliwe kwanza. Kitabu kilitoka 2001 kwa makelele mengi. Baadaye, kuanzia 2004, akaandika riwaya, na mhusika wake mkuu ni ofisa wa kike, Liz Carlyle, anayeshinda kwenye vikao na makaratasi. Nadhani riwaya zilimpa pumzi ambayo kumbukumbu zilimnyima. Anza na hizo.

Yupo mwingine ambaye hakuandika kumbukumbu, naye huyu katugusa sisi. Daphne Park alizaliwa Uingereza mwaka 1921, lakini alikulia Tanganyika, kwenye nyumba ya udongo isiyo na umeme wala maji ya bomba, baba yake akitafuta dhahabu. Akiwa na miaka 11 akapelekwa shule London. Mwaka 1959 MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, ikamtuma Léopoldville, Kinshasa ya leo, akijulikana kama ofisa wa ubalozi. Mwenyewe alisema siku zote alionekana kama mmisionari mnene mwenye furaha, na kwamba jasusi mwenye sura ya kutisha hafai kitu. Hapo nilimwelewa kabisa. Mtu haogopi mama mnene anayetabasamu.

Ila usimshangilie haraka. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huko huko alikotumwa Daphne, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 2013, Daphne akiwa amekufa miaka mitatu nyuma, mwenzake katika Bunge la Malodi, David Lea, aliandika kwamba bibi huyo alimwambia, wakinywa chai, kuwa ndiye aliyeipanga kazi ile. Wengine wamepinga, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Unaona basi, aliyekaa kimya maisha yake yote, kisa chake kikubwa kinasimuliwa na mtu mwingine juu ya kikombe cha chai. Mimi wanawake waliopenya kwenye kazi za wanaume nawaheshimu, lakini kwa la Lumumba heshima yangu inasita mlangoni.

Wewe ukitaka kuandika riwaya yako, kama ulivyodokeza, acha bastola. Mwandike mama aliyekuwa akiuza maandazi getini kwetu. Alijua dereva yupi amelala ofisini, mkurugenzi yupi amebeba sanduku la safari, wageni gani wameingia kwa mlango wa nyuma na wametoka wamenuna. Hakuna aliyeshusha sauti mbele yake, maana nani anashusha sauti mbele ya maandazi?

Asubuhi ya pili baada ya ile kaboni kupotea, nilikuwa sijafungua mdomo hata kumwamkia. Akanifungia maandazi mawili kwenye gazeti, akasema, "Pole mwanangu, si mliipata lakini?"

Mpaka leo sijui aliambiwa na nani.

Mama yako